Mashine Iliyojua Kusalimia

Enzi zetu salamu haikuwa kitu cha kurushiana njiani kama maganda ya muwa. Mtu alisimama. Kama amebeba ndoo aliitua, kama yuko juu ya baiskeli alishuka, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. "Mwangaluka." "Mwangaluka." Ndivyo tunavyoamkiana sisi Wasukuma. Wewe ng'wana nani, yaani mtoto wa nani? Wa ukoo upi? Nyumbani wameamkaje? Ng'ombe wameamkaje? Huko kwenu mvua imefika? Kila swali lilipewa nafasi yake, na jibu lilisikilizwa mpaka mwisho hata kama lilikuwa lile lile la jana. Mtoto aliyetumwa chumvi akikutana na bibi wawili njiani, nyumbani wajue mboga ya siku hiyo italiwa hivyo hivyo.

Sasa mimi ni mwalimu wa hisabati Kahama. Wanafunzi wangu shuleni hawaruhusiwi simu, lakini shingo zao zimeshazoea kuinama, wananipita kwenye korido kama watu wanaotafuta sindano. "Shikamoo mwalimu," na kabla sijamaliza marahaba yangu wameshafika mlango wa pili. Wenyewe kwa wenyewe ni "Mambo", "Poa", basi, habari imekwisha. Binti yangu Neema hata hiyo poa ameiona ndefu, ananitumia picha ya kidole gumba. Namwambia, mwanangu, nakuuliza umeamkaje unanionyesha kidole? Anacheka. Nami nacheka, lakini namkumbuka kaka yangu Masanja na ile mashine aliyoifundisha kusalimia.

Kama ulikulia Shinyanga mjini miaka ile ya tisini ikianza, huna haja ya kuelezwa. Utakumbuka malori ya pamba yakipita, na miiba ya kando ya barabara ikabaki na nywele nyeupe kama vikongwe. Utakumbuka michembe mfukoni, ile ya viazi vilivyokaushwa mpaka vikawa kama vipande vya mbao, unatafuna kimoja kutoka nyumbani hadi shuleni na bado hakijaisha. Utakumbuka betri za redio zilizopangwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Sisi tulikaa Kambarage. Jioni tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukapotelea gizani, na Mama alikuwa na sauti ya kuita ambayo mtaa mzima waliitambua. Akiita "Kabula!" mara moja, hata watoto wa jirani walinyanyuka kwenda kuoga.

Masanja alikuwa ananizidi miaka michache. Mikono yake haikuweza kuona kitu kimefungwa isikifungue. Redio ya Mama, ile yenye sehemu ya kanda, aliifungua mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa Biblia ya nyumba ile. Ndiyo sababu alipomaliza zamu zake za kuchota maji alikuwa hakosekani kwa Baba Nimesh.

Baba Nimesh alikuwa Mhindi mwenye duka la vipuri vya baiskeli na redio, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa amezaliwa Shinyanga, Kisukuma anakisikia chote, na ukimsema ukidhani haelewi unaumbuka. Mwanawe Nimesh alikuwa akisoma Uingereza, na likizo moja alirudi na kompyuta ambayo shule za huko zilikuwa zimeshaanza kuzitupa. Ilikuwa kama sanduku bapa la rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi, vitufe vyeusi, na juu kabisa safu ya vitufe vyekundu. Iliunganishwa na televisheni ambayo familia ilitazamia mikanda ya video. Nimesh alikaa likizo ile akimwonyesha Masanja jinsi ya kuiamrisha kwa lugha iitwayo BASIC, akaondoka, akaacha mashine na kitabu chake. Nyumbani kwao hakuna mwingine aliyeijali.

"Njoo uitumie," Baba Nimesh alimwambia kaka yangu. "Lakini usibonyeze kwa nguvu, Masanja. Hii si kengele ya baiskeli."

Kiingereza cha Masanja kilikuwa cha darasa la sita, cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Lakini maneno ya BASIC ni machache, naye aliyajua kama tunavyojua alama ya kujumlisha. Kila mstari ulianza na namba, kumi, ishirini, thelathini, na mashine iliifuata mistari ile kwa utii mmoja baada ya mwingine. PRINT ilikuwa ni kuiambia iandike kitu kwenye kioo. INPUT ilikuwa ni kuiambia inyamaze, isubiri mtu ajibu. Kwa maneno hayo na mengine machache alitengeneza kitu ambacho sijawahi kuona mfano wake tangu siku hiyo.

Nakumbuka Mama alivyokwenda dukani kumfuata, ana hasira, maana maji hayakuchotwa. Mimi nilikuwa nyuma yake nikifurahia balaa linalomjia mwenzangu. Tulipoingia, Baba Nimesh akasimama. "Mama Masanja, karibu. Usimchape kwanza. Tazama alichofanya mwanao."

Kwenye kioo cha televisheni, kwa herufi kubwa nyeupe, paliandikwa MWANGALUKA.

Mama alikuwa amejifunzia kusoma kwenye madarasa ya watu wazima. Alilisoma lile neno taratibu, midomo ikicheza. "Nani ameandika?" akauliza. Masanja akasema, yenyewe. Mama akashika mdomo. Kisha, jamani, akajifunga khanga vizuri, akajibu kwa sauti kama anamjibu mkwe wake: "Mwangaluka." Masanja akabonyeza jibu kwa niaba yake. Mashine ikaandika: JINA LAKO NANI? Mama akataja jina lake na la baba yake. Masanja akaandika. Mashine ikasema: KWAHERI.

Uso wa Mama ulibadilika. "Inaniaga? Haijauliza hata ng'ombe!"

"Mama, hiyo ni mashine," Masanja akasema.

"Ndiyo iwe haina adabu? Si umeifundisha wewe? Watu wataniuliza, huyu aliyeifundisha hivi alilelewa na nani?"

Baba Nimesh alicheka mpaka miwani ikadondoka. Lakini Mama hakuwa anatania hata kidogo, na Masanja alijua hatanii. Kesho yake mashine iliuliza ng'ombe. Mama akaja kuikagua, akasema haijauliza mvua, Masanja akaongeza mvua. Mama akasema kama kuna mgonjwa nyumbani itajuaje, Masanja akaongeza wagonjwa. Ukisema ng'ombe hawapo, iliandika POLE, ikakaa kimya kidogo kabla ya kuendelea. Kile kimya alikiweka Masanja makusudi, kwa amri ya kuihesabisha mashine namba tumboni bila kuonyesha. Nilimwona akikijaribu, anakipunguza, anakiongeza, mpaka kikawa sawa na kimya cha mtu.

Mtaa mzima ukaanza kwenda kusalimiwa. Wazee waliokuja kununua mpira wa baiskeli walikaa kwenye kiti wakaulizwa habari za kwao, wakajibu kwa kirefu, na Masanja akafupisha kwa vidole. Kuna bibi mmoja hakuwa mwepesi wa kusema. Kila swali alilifikiria, akameza mate, akatazama nje. Mama akamnong'oneza Masanja, je, haitachoka kumngoja?

"Haichoki, Mama. Hata akienda sokoni akarudi, ataikuta inamsubiri pale pale."

"Afadhali," Mama akasema. "Hapo umeifundisha vizuri."

Shida ilikuwa umeme. Miaka ile ulikatika ulivyotaka wenyewe, na mashine ukiikatia umeme inasahau kila kitu, inaamka kama mtoto mchanga. Dawa yake ilikuwa kanda ya kawaida ya muziki. Unaunganisha redio kaseti na mashine kwa waya, unabonyeza kurekodi, na programu yote inageuka kuwa sauti. Siyo sauti nzuri. Ilikuwa ni ukelele wa kukwaruza, kama mafuta ya moto yamedondokewa na maji, na unakwenda dakika kadhaa. Wateja wa Baba Nimesh waliziba masikio. Siku umeme ukirudi, unairudishia mashine ukelele ule ule, inausikiliza, inakumbuka. Masanja aliiandika kanda yake SALAMU, na akavunja vile vipande vidogo vya plastiki mgongoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Utakumbuka na hilo. Na utakumbuka kwamba sote tulijua kuziba matundu yale kwa karatasi iliyotafunwa, kanda ikarekodika upya. Nyumbani kwetu aliyetufundisha ujanja huo ni Masanja mwenyewe.

Alipomaliza darasa la saba jina lake halikuwamo kwenye waliochaguliwa kwenda sekondari. Hilo lilituumiza, lakini lilikuwa jambo la nyumba nyingi. Alikuwa na duka la Baba Nimesh la kushikilia. Kisha siku moja umeme ukarudi kwa kishindo, taa zikawaka kama jua na kuzimika, na ndani ya mashine pakatoka harufu ya kitu kinachoungua. Masanja aliifungua, akaitazama, akaifunga. Aliifuta vumbi kwa kitambaa kama anavyofutwa marehemu uso. Nimesh alikuwa ameshaacha kurudi likizo, na muda si mrefu Baba Nimesh mwenyewe akafunga duka akamfuata mwanawe. Alipokuja kutuaga alimshika Masanja bega. "Huyu angesoma," akamwambia Mama. Mama akasema, wabeja, ahsante.

Vijana wa rika lake walikuwa wanakwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu. Naye akaenda. Siku ya kuondoka alimpa Mama kanda ile, Mama akaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. "Nitunzie. Siku moja nitapata mashine nyingine." Wakati ule hatukuona kuwa ni maneno ya mtoto. Tuliona ni mpango.

Mimi nilichaguliwa, nikaenda bweni. Kwa hiyo haya yanayofuata niliyasimuliwa na Mama likizo. Masanja alikuwa haandiki barua, na Mama kuandika kwake kulikuwa kwa tabu, basi akafanya kama wengi walivyofanya siku hizo, akarekodi barua ya sauti. Alimpa mama mmoja aliyekuwa akipeleka dagaa machimboni. Yule mama alirudi nayo ile ile, akasema Masanja ameondoka Bulyanhulu, wanasema amevuka upande wa Geita kwenye rashi mpya, dhahabu ikilipuka mahali watu huhama kama nzige. Mama akairudisha kanda kopani. Sikumuuliza ni kanda gani. Nani angeuliza?

Mama alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Habari zilimfikia Masanja zimechelewa, alipofika alikuta kaburi limeshaota majani. Alikaa pale juani, mikono yake ile imekuwa na magamba, kucha nyeusi. Kisha akarudi mashimoni. Alihama shimo hadi shimo, Geita, tena huku Mwakitolyo, maisha yake yote, kwenye kuponda mawe makavu ambayo vumbi lake ni kama unga wa sembe. Dhahabu aliyopata ilimwezesha kuoa na kujenga vyumba viwili Kambarage, si mbali na tulipocheza rede. Alipokuja kukaa humo moja kwa moja alikuwa ameletwa na kifua. Daktari alisema vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu, na vumbi hilo halina dawa ya kulitoa. Alisema kwa upole. Tulimwelewa.

Sasa nije kwenye hiki kilichonifanya niandike. Siku moja, yeye akiwa tayari anaumwa, nilikuwa natafuta kwenye mtandao kitu cha kuwafundishia watoto mantiki, nikaangukia ukurasa fulani. Katikati yake kulikuwa na picha ya sanduku bapa la rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi, na vitufe vyekundu juu. Nilibonyeza, na ndani ya kivinjari cha kompyuta yangu ya kisasa, bila kuweka chochote, ikaamka mashine ya Baba Nimesh. Ikalia ule mlio wake wa kuamka. Kialama cha kuonyesha pa kuandika kikaanza kupepesa.

Kumbe huko duniani kuna watu wasiokubali vitu vife. Wamekaa wakaandika mashine nzima upya kwa lugha ya sasa, ile inayoendesha kurasa za mtandao, ili mashine mpya ijifanye ndiyo ile ya zamani na kuisikia lugha ya zamani. BASIC yenyewe, na mistari yake ya kumi na ishirini, inaishi ndani ya dirisha dogo la kivinjari kama mjukuu aliyembeba babu yake mgongoni. Nikaandika 10 PRINT "MWANGALUKA". Ikaniambia MWANGALUKA. Nililia mwenyewe mezani mpaka mwalimu mwenzangu akadhani nimefiwa. Neema nilipomwonyesha alisema, "Mama, hicho kitu simu yangu inafanya mara milioni kwa sekunde." Nikamwambia sawa, basi iambie ikuulize ng'ombe.

Na ukurasa ule ulikuwa unasoma kanda. Ukiupa sauti ya kanda ya zamani, ule ukelele, unaisikiliza na kuirudisha programu kama ilivyokuwa. Mimi kopo la biskuti nilikuwa nalo.

Nilimpigia Masanja simu. Nikasikia pumzi yake ikivutwa kama gunia sakafuni. "Kabula," akasema, "nataka kuiona ikinisalimia." Nikamuuliza anakumbuka alivyoiandika, ili kanda ikinigomea nijaribu mwenyewe. "Mdogo wangu, nimeponda mawe miaka yote hii. Hakuna mstari hata mmoja uliobaki. Mimi najua tu kwamba iliuliza yote."

Sijawahi kumtakia mtu kitu kama nilivyomtakia kaka yangu salamu ile. Vitu vyake vyote vilikuwa vimekwenda ardhini. Hicho kimoja kilibaki, alikitengeneza kabla hajashika sururu, na ungekiona ungejua ni mtu wa aina gani.

Nilifika Kambarage mchana. Mkewe, wifi yangu Mama Limi, alikuwa amemwegemeza kwenye mito, amemvalisha shati la Jumapili. "Shikamoo kaka." "Marahaba," akasema, kwa awamu mbili. Niliweka kompyuta kwenye stuli mbele yake. Nilikuwa nimeazima redio kaseti ya zamani kwa fundi wa sokoni, na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Ukichomeka waya kwenye tundu la spika ya masikioni, redio yenyewe inanyamaza, sauti yote inapita kwenye waya. Tukaona ni vizuri, ukelele ule usimsumbue mgonjwa.

Masanja aliishika kanda kwanza. Akaigeuza, akaona karatasi kwenye matundu ya mgongoni, akatabasamu. "Nani ameziba?" Nikasema sijui. Nikaitumbukiza.

Kwenye kioo likatokea jina, SALAMU, na namba zikaanza kupanda, ishara kwamba mashine inasoma kipande kwa kipande. Mama Limi alipiga kigelegele kidogo. Masanja aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Kisha namba zikasimama. Mashine ikaandika kwa Kiingereza chake kwamba haielewi inachokisoma, nirudishe kanda nyuma.

Nikairudisha. Namba zikapanda, zikasimama pale pale. Nikafuta kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, nikaongeza sauti, nikapunguza. Pale pale. Masanja alikuwa ameinua mkono kidogo juu ya shuka, vidole vimekaa kama vya mtu anayetaka kubonyeza. Nikasema labda kanda imekunjamana hapo, ngoja niisikilize kwa masikio. Nikachomoa waya.

Chumba kikajaa ukelele ule wa mafuta ya moto. Masanja akacheka, akasema, "Ndiyo yenyewe!" Na papo hapo ukakatika, pakasikika mlio wa kitufe kinachobonyezwa, kuku kwa mbali, na mtu anakohoa kusafisha koo.

"Mwangaluka, Masanja."

Sauti ya Mama. Ile iliyotunyanyua kwenye rede.

Nilielewa yote pale pale nikiwa nimeshika waya. Mama alitafuta kanda ya kurekodia barua yake. Akaijaribu hii, ikamlilia masikioni, hakujua kuwa ukelele ule ndio kazi ya mwanawe, akadhani imeharibika, kanda mbovu isiyo na kitu. Akatafuna karatasi, akaziba matundu kama mwanawe alivyotufundisha, akabonyeza kurekodi hapo hapo ilipofikia. Alikuwa anampelekea salamu. Alizirekodi juu ya salamu za mwanawe.

Alizungumza Kisukuma, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili. Alisema, mwangaluka, Masanja, halafu akanyamaza. Kanda ikazunguka na kuku wale kwa mbali. Ndipo nikajua anafanya nini. Alikuwa anamwachia nafasi ajibu. Alikuwa amezoea kuzungumza na chombo kinachosubiri, akaona ndivyo vyombo vilivyo.

Masanja alifungua mdomo. Kifua kikampanda, akakohoa, akajishika ubavu, na alipopata pumzi ya kusema "Mwangaluka, mayu", yaani mama yangu, yeye alikuwa ameshaendelea.

"Nyumbani tumeamka salama. Wewe umeamkaje, mwanangu?"

Kimya. Kaka yangu alikusanya pumzi. Alikuwa ameanza tu kusema "Nimeamka" Mama akaingia juu yake.

"Ng'ombe wa huko wameamkaje? Sijui kama huko mashimoni mna ng'ombe, lakini nauliza."

Nilibonyeza kitufe kusimamisha. Masanja akanitazama kwa ukali ambao sijauona tangu utoto. "Usimkatishe Mama," akasema. Nikaachia. Mama akauliza mvua, akauliza wagonjwa, kila swali na kimya chake. Kilikuwa kimya cha kumtosha kijana mwenye mapafu mazima, aliyetoka nyumbani akipiga mluzi. Mwisho akasema wabeja, haya, kitufe kikabonyezwa, na ukelele wa programu ukarudi kumalizia mkia wake.

"Rudisha," Masanja akasema. Nikarudisha. Alitaka kujibu yote. Tulirudisha tena na tena mchana ule, na kila mara alichelewa, na kadiri alivyojitahidi ndivyo kikohozi kilivyomchelewesha zaidi, mpaka Mama Limi akatoka nje kulia ukutani. Nilimwambia kaka pumzika. Alilala akitazama kompyuta, ile alama ikipepesa kwenye kioo.

"Kabula. Ile ya kwangu ilikuwa inasubiri, sivyo?"

"Ilikuwa inasubiri, kaka."

"Hata ukienda sokoni."

"Hata ukienda sokoni ukarudi."

Tulimzika kabla mvua hazijaanza. Sikuwa na la kufanya na huzuni yangu, nikaigeukia kanda. Jioni baada ya jioni nilikaa na kivinjari nikiokoa vipande, mwanzo ule uliokuwa kabla ya sauti ya Mama na mkia uliokuwa baada yake, nikaunga mistari iliyobaki ikakubali kwenda. Mistari ya katikati haipo, na hakuna mtu duniani wa kumuuliza. Sasa programu ya Masanja inafanya kazi. Ninaifungua kwenye kompyuta, hata kwenye simu ya Neema inafunguka. Inaandika MWANGALUKA. Inauliza JINA LAKO NANI? Naandika Kabula, ng'wana fulani. Inasema KWAHERI. Kama siku ile ya kwanza kabisa dukani, kabla Mama hajaikemea.

Wanangu, na nyie wa rika langu mnaosoma haya, najua mashine za siku hizi zinajua kila kitu. Zinajibu kabla hujamaliza kuuliza, na ukichelewa kidogo zinakutoa nje, zinakwambia muda wako umekwisha uingie upya. Sizichukii. Lakini mimi nilikulia mjini Shinyanga, penye vumbi na umeme wa kubahatisha, na tulikuwa na moja iliyomwacha bibi kizee ameze mate yake, na aliyeifundisha hivyo alikuwa mtoto wa darasa la saba asiyechaguliwa. Wamefufua mashine, wamefufua na lugha yake, vyote vinapepesa hapa mbele yangu vikingoja. Mimi nafumba macho narudi kwenye chumba kile cha Kambarage. Mama anauliza ng'ombe, ananyamaza kidogo, kisha anaendelea na mvua, na kaka yangu bado yuko kwenye ng'ombe.